Mafao ya Bonde la Chilungule

Yotham Chibago alikuwa nyapara wa genge la reli pale Gulwe, na kazi yake, ukiivua majina ya kiofisi, ilikuwa kugombana na maji. Sehemu kubwa ya mwaka Mto Kinyasungwe hauna hata tone. Ni mchanga mtupu, mbuzi wanakatiza, watoto wanacheza mpira katikati. Kisha mvua inanyesha mbali huko juu, mahali ambapo mtu wa Gulwe haoni hata wingu, na kabla chai haijapoa kikombeni mto unashuka. Haushuki kama maji ya kawaida. Unashuka kama ukuta mwekundu, umebeba magogo, mizoga ya ng'ombe na mapaa ya nyumba za watu, na ukifika kwenye tuta la reli haubishi hodi.

Aliajiriwa akiwa kijana ambaye ndevu hazijakolea. Msimu wake wa kwanza tu, aliamka akakuta reli inaning'inia hewani, mataruma bado yameng'ang'ania vyuma vyake, na chini yake hakuna kitu. Tuta lote lilikuwa limeondoka. Yotham alisimama mdomo wazi, hajui kama anachokihisi ni woga au heshima. Nyapara wa wakati ule akamtupia koleo.

"Umeshamaliza kushangaa? Haya, kokoto zile pale."

Basi akabeba kokoto. Akazibeba msimu ule na misimu iliyofuata, mpaka naye akawa nyapara, mpaka mgongo ukaanza kumsumbua kila alipoinama. Walijenga, mto ukabomoa, wakajenga tena. Hata ilipokuja reli mpya ya umeme na vijana wakawa wanaizungumza hiyo tu, ile ya zamani iliendelea kubeba mizigo, na Yotham akaendelea kuibeba yenyewe.

Mkewe, Loisi, hakuishi Gulwe. Alikaa kijijini kwao upande wa Kongwa, akilima alizeti na karanga, na ndoa yao ilikuwa ya likizo na simu. Watoto walizaliwa hivyo, wakakua hivyo, wakatawanyika.

"Ukifika hamsini na tano unarudi," Loisi alikuwa akimwambia. "Sheria inakuruhusu. Hiyo sitini ya lazima waachie wanaofanya kazi wamekaa kwenye viti vya kuzunguka."

Yotham alikubali, na alikubali kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kujenga zizi.

Sasa, mbali na pensheni ya kisheria, ile ambayo watu hubishania kikokotoo chake popote panapouzwa kahawa, wafanyakazi wa reli wa ukanda ule walikuwa na mfuko wao wa hiari. Walichangia kidogo kidogo, fedha ikawekezwa, ili mtu akistaafu apate cha kuongezea. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, Chang'ombe, Dodoma mjini. Aliyesimamia uwekezaji ni Salha Abdulrazaki, binti wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, sauti ambayo watu hunyamaza ili waisikie.

Mwaka ambao Yotham alikuwa anaikaribia hamsini na tano yake, Salha aliita mkutano wa wanachama. Sehemu kubwa ya akiba yao ilikuwa kwenye hisa za kiwanda cha sigara. Zilikuwa zinalipa vizuri, hakuna aliyelalamika, na wengi hawakujua hata kama ziko huko.

"Shikamooni wazazi wangu," Salha alianza. "Akiba yenu haijalala kabatini. Iko mahali, inafanya kazi mchana kutwa, na mna haki ya kujua ni kazi gani. Hivi sasa inatengeneza sigara. Tunaweza kuendelea hivyo. Au tunaweza kuipeleka kwingine, ilipe polepole zaidi, lakini ifanye kazi ambayo hamtaona haya kuwasimulia wajukuu."

Akawaeleza. Huko juu, mto unakoanzia, kuna bonde linaitwa Chilungule. Zamani lilikuwa msitu. Likakatwa kwa mkaa, likalimwa, likachungiwa mpaka likabaki mfupa. Wanakijiji wamekubaliana kuurudisha ule msitu, ila wanahitaji mtaji wa walinzi, mizinga, mabanda ya kuhifadhia majani ya mifugo. Mfuko ukiweka fedha, utapata sehemu ya mauzo ya asali na majani, na miti ikishakua, sehemu ya fedha za hewa ukaa.

"Tutauza hewa?" sauti moja iliuliza, na ukumbi mzima ukacheka.

Salha naye alicheka. "Kuna kampuni za mbali zinachafua hewa. Miti inavuta ule uchafu na kuufungia ndani yake. Wao wanatulipa ili miti yetu iendelee kusimama. Hewa yenyewe hatuigusi."

"Na faida inaanza lini?"

"Sitawadanganya. Atakayestaafu karibuni ataondoka na alichochangia na nyongeza ndogo tu. Atakayesubiri mradi ukomae ndiye atakayekula matunda yake."

Yotham akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni.

"Mwanangu Salha, mimi hapa mwakani naondoka. Mti haujui kwamba Yotham anastaafu, unaota kwa wakati wake. Sigara sivuti, wala sijawahi kumshikia mtu kiberiti. Hizo hisa zinalipa. Niacheni nichukue changu kikiwa kimenona, nirudi kwa mke wangu. Nyie mtakaobaki mtapanda hiyo miti."

Alipigiwa makofi, na mengi. Akakaa akijua ameshinda. Lakini nyuma yake akasimama Rajabu, stesheni masta wa Gulwe, rafiki yake wa kucheza bao na kugawana mchuzi.

"Yotham, ndugu yangu," alisema, "zile kokoto unazopanga kila mwaka huwa zinaenda wapi?"

"Si unajua? Zinachukuliwa na maji."

"Na hayo maji yanatoka wapi?"

Kila mtu mle ukumbini alijua yanakotoka.

"Mimi nimemzika baba yangu kwa sababu ya sigara," Rajabu aliendelea. "Mapafu. Tulimsikiliza akikohoa mpaka mwisho. Kumbe mwanawe nilikuwa nalipwa na watu walewale. Leo ndiyo nimejua. Mimi naenda na bonde."

Mikono ikanyooshwa. Ya bonde ilikuwa mingi zaidi.

Walirudi Gulwe bila kusemeshana. Kwa Yotham ilikuwa kama rafiki yake amempiga ngwala mbele za watu. Na kana kwamba hiyo haitoshi, Salha akampigia simu wiki ileile. Walikuwa wanatafuta wanachama wa kwenda kukagua bonde, naye alitaka Yotham awemo.

"Mimi nilipinga, mama."

"Ndiyo maana. Wanaokubali hawana macho."

Alikwenda akiwa na nia moja tu, ya kutafuta kasoro.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambao uwanda wote wa Dodoma una rangi ya mkate uliokauka. Gari liliwashusha yeye, Salha na wanachama wengine ukingoni mwa bonde. Hapo aliwapokea Anyesi, mwanamke wa umri wa Yotham, kiongozi wa kikundi cha ardhi cha kijiji, kavaa kitenge na buti za mvua ingawa mvua hakuna.

"Mbukwa, baba," alimsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama."

Anyesi hakuanza na miti. Aliwapeleka kwanza kwenye makorongo. Yotham alifika ukingoni mwa la kwanza akarudi nyuma bila kutaka. Ardhi ilikuwa imepasuka kama iliyopigwa shoka na jitu, shimo la kumeza basi na abiria wake, kuta zake nyekundu zimesimama wima. Na lile halikuwa peke yake. Yalishuka mteremko mzima, yakikutana na kuungana, makorongo madogo yakiingia kwenye makubwa, yote yakielekea upande mmoja. Alifuata kwa macho mpaka mbali kabisa, kwenye ukungu wa vumbi, na huko ng'ambo ya vumbi akajua iko Gulwe.

Maisha yake yote alikuwa ameukuta mto umeshakuwa mto. Hakuwahi kufikiri una mahali unapozaliwa. Sasa alikuwa amesimama kwenye tumbo lake.

"Huu udongo wote," alisema polepole, "mimi nimeushika. Nimeuzoa kwenye reli kwa koleo."

"Basi ulikuwa unazoa shamba la baba yangu," alisema Anyesi.

Wakapanda upande wa pili. Huko mteremko ulikuwa mkavu na mweupe, umejaa visiki vidogo vilivyochakaa, vingine havifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Yotham akaona kasoro aliyoitafuta.

"Hapa mmeshachelewa, mama. Hii miti imekufa."

Anyesi akampa jembe. "Chimba pembeni ya hicho."

"Nichimbe?"

"Wewe si mtu wa koleo? Chimba."

Akachimba. Udongo wa juu ulikuwa mgumu kama tofali, jembe likadunda. Akaendelea, jasho likimtiririka, mgongo ukimlaumu. Kadiri alivyoshuka ndivyo kisiki kilivyozidi kunenepa. Kile kilichoonekana juu kama kidole kilikuwa chini mnene kuliko paja lake, na kutoka hapo mzizi ulizama, ukazama tena, hata hakuona mwisho wake. Anyesi akapiga magoti, akachukua panga, akakwangua gome kidogo.

Ndani ulikuwa wa kijani, na umelowa.

Yotham akaugusa kwa kidole. Kiangazi kile, mahali ambapo tangu mvua za mwisho hakikuanguka kitu kutoka juu isipokuwa jua, kidole chake kiliondoka na unyevu.

"Huu ni mkungugu," alisema Anyesi. "Baba aliukata mimi sijaolewa. Kila mvua unatoa machipukizi, kila kiangazi mbuzi wanayala. Na kila mwaka unajaribu tena. Ukichagua machipukizi machache yaliyonyooka, ukayapunguzia wenzake, ukayafunga kitambaa ili mchungaji ajue yana mwenyewe, unanyanyuka haraka kuliko mche wowote wa kitaluni. Wataalamu wanakiita kisiki hai. Sisi hatupandi kitu hapa, baba. Miti ilishapandwa zamani, na aliyeipanda si mtu."

Yotham alisimama, jembe mkononi, akageuka kuutazama mteremko upya. Visiki vilikuwa kila mahali, vimetapakaa mpaka juu kwenye mwamba na mpaka chini kwenye makorongo, hesabu yake anaijua Mungu. Kila kimoja kilikuwa na mzizi kama ule. Akaelewa kwamba msitu wa Chilungule haukuwa umeondoka. Ulikuwa papo hapo, chini ya viatu vyake, hai gizani, ukingoja kuachwa ukue.

Alivua kofia. Hakujua kwa nini. Salha, aliyekuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, alimwona.

Siku chache baadaye alikwenda Kongwa kumwambia mkewe. Alimkuta anapukuchua karanga barazani, akakaa chini, akaanza kumsaidia, na Loisi alimjua mumewe vya kutosha kujua kwamba kuna jambo.

"Sema."

"Nataka nikae mpaka sitini."

Mikono ya Loisi ikasimama.

"Yotham. Mimi nimekusubiri tangu watoto wananyonya."

"Najua."

"Ni hela? Maana kama ni hela tutakula mlenda na uwele, hatujawahi kufa njaa."

"Kidogo ni hela. Nikiondoka sasa naambulia kidogo, nikisubiri nitapata zaidi. Lakini siyo hiyo hasa." Alitafuta maneno, na yeye hakuwa mtu wa maneno. Akamweleza makorongo, akamweleza mzizi, akamwonyesha kwa mikono unene wake. "Loisi, mimi nimetengeneza kitu kilekile maisha yangu yote. Nataka nione msimu mmoja tu ambao sitengenezi. Mto ushuke, upite, tuta libaki. Nikiuona nikiwa kazini, nitakuwa nimefanya kazi. Nikistaafu sasa nitakuwa nimezoa tope tu."

"Kwa hiyo visiki ndivyo vinavyonizuilia mume."

Loisi akarudia karanga zake, akizipukuchua kwa nguvu kuliko zilivyostahili. Jioni alimwandalia maji ya kuoga, akamwekea chakula, lakini hakumsemesha mpaka asubuhi alipokuwa anafunga begi.

"Mgongo wako utaupeleka hospitali," alisema akiangalia pembeni. "Siyo kuupaka mafuta ya taa kama zamani. Kama unakaa, ukae mzima."

Akakaa.

Si wote waliokaa. Optatus, fundi wa genge lao na mtu wa umri wake, alichukua chake mapema akafungua duka la vipuri vya pikipiki Mpwapwa. Kila alipokutana na Yotham alimcheka kwa upole. "Mimi nalala nyumbani kwangu, mwenzangu unalala kambini na mbu." Na alikuwa anasema kweli. Alinenepa, akamwona mjukuu wake akianza kutembea. Kuna siku Yotham alirudi kambini mgongo unamwaka moto, akajiuliza kama mwenye akili kati yao hakuwa Optatus.

Lakini kila likizo, kabla ya kwenda Kongwa, alipitia Chilungule. Mwaka wa kwanza aliona vitambaa tu, vyekundu na vya njano, vimefungwa kwenye machipukizi, mteremko mzima kama watu wamekwenda harusini. Mwaka uliofuata machipukizi yalimfika kifuani. Kisha kikaja kipindi alichoingia bondeni akasimama ghafla, hakuelewa nini kimebadilika, mpaka Anyesi alipomwambia atazame juu. Alikuwa amesimama kivulini. Miti ya mikambala ilikuwa imemzidi kimo, mikole imezaa matunda, na chini, pale palipokuwa pagumu kama tofali, majani yalikuwa yamemfika magotini. Walinzi walikuwa wamejenga matuta ya mawe kwenye midomo ya makorongo, na nyuma ya kila tuta udongo ulikuwa umeanza kukaa na kuota majani. Nyuki walivuma juu ya mizinga kama injini inayosikika kwa mbali.

"Mnaitia dawa gani?" aliuliza kwa mshangao wa kweli.

"Tunaiacha," alijibu Anyesi. "Hiyo ndiyo dawa, na ni ngumu. Kuwazuia watu wasifanye kitu ni kazi kuliko kuwafanyisha."

Mwaka wake wa mwisho kazini mvua ilikuja ya kutisha. Redio ilikuwa imeonya, lakini hakuna onyo linalofanana na kitu chenyewe. Ilinyesha juu kule usiku kucha, na alfajiri simu ya Yotham ikalia.

"Baba, ni Anyesi. Mvua hii sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Jiandaeni."

Yotham alimwambia Rajabu azuie treni ya mizigo iliyokuwa njiani, akalipeleka genge lote darajani na magunia ya mchanga. Alijua jinsi itakavyokuwa. Kwanza upepo wenye harufu ya tope, halafu mngurumo unaosikika kwenye nyayo kabla haujafika masikioni, halafu ukuta. Vijana walishika magunia wakimwangalia usoni.

Wakasubiri. Jua likatoka nyuma ya mawingu, likarudi. Muda ambao siku zote ukuta huwa umeshafika ukapita, mchanga bado mkavu.

"Labda haikunyesha sana," mmoja wa vijana alisema.

Kisha maji yakaja. Yalikuja yakitambaa, ulimi mwembamba mchangani, ukifuata mahali pa chini, ukijaza kishimo kimoja kabla ya kwenda kingine. Yakapanda. Yalipanda asubuhi nzima, bila haraka, mapana, ukingo mpaka ukingo, yakafika kwenye nguzo za daraja, yakazizunguka. Yalikuwa mengi. Yotham alikuwa ameyaona maji ya Kinyasungwe ya kila aina, na hakuwahi kuyaona mengi kiasi kile. Rangi yake ilikuwa ya chai, siyo ya damu. Magogo yalikuwa machache tu. Maji yalipita chini ya daraja kwa sauti nzito ya pamoja, kama watu wengi wanaosali kwa sauti ya chini, na tuta lilikuwa limesimama.

Kijana mmoja aliliweka chini gunia lake, polepole, kama anayeogopa kuamsha kitu.

Rajabu alitembea kutoka stesheni mpaka pale, suruali imekunjwa, akasimama kando ya rafiki yake.

"Ni mto uleule?" Rajabu aliuliza.

"Ni uleule."

"Mbona una adabu?"

Machozi yalikuwa yanamshuka Yotham, na hakuyafuta. Mvua yote ile ya usiku ilikuwa imeingia ardhini kwanza. Ilikuwa imepita kwenye majani, kwenye mizizi aliyoigusa kwa kidole chake, ikanywewa, ikashikwa, ikaachiliwa taratibu. Bonde zima lilikuwa limeibeba ile mvua mikononi na kuishusha chini kwa uangalifu, kama mama anavyomlaza mtoto. Na fedha yake, ile iliyokatwa kidogo kidogo na ambayo aliing'ang'ania isiende huko, ilikuwa ndani ya mikono hiyo.

Lakini mchana uleule simu ikaja kutoka upande wa pili. Mbele kidogo kuna kijito kingine kinachokatiza reli, nacho kinatoka kwenye vilima ambavyo hakuna aliyevihangaikia. Mvua ilikuwa ileile. Kijito kile kilishuka kama zamani, kikachukua tuta, kikachukua kalvati, kikaacha vyuma vimening'inia. Yotham alipanda kiberenge na genge lake wakaenda, wakafanya kazi siku baada ya siku mpaka njia ikafunguka, tope mpaka kiunoni. Na hata akiwa ndani ya tope hilo alikuwa akitabasamu, mpaka vijana wakadhani amechanganyikiwa. Alikuwa anauangalia ule uharibifu kama mtu anayeangalia nusu ya pili ya ushahidi.

Salha alifika na wanachama wa mfuko kutoka Dodoma, akawasimamisha kwanza kwenye daraja zima, kisha kwenye kalvati lililozolewa. Hakuhutubia. Mkutano uliofuata, ombi la kuwekeza kwenye vile vilima vingine lilipita, na aliyelileta mbele ni Yotham Chibago mwenyewe, akijua fika kwamba faida ya vilima hivyo haitamkuta kazini, na pengine haitamkuta duniani.

Alistaafu alipotimiza sitini. Mafao ya mfuko yakaja, ya asali, ya majani na ya ile hewa waliyoichekea. Hayakuwa utajiri. Yalitosha kujenga zizi na kuchimba kisima, na bado kikabaki cha kumtibia mgongo. Walimuaga kwenye stesheni kwa pilau na soda, Optatus akaja na mjukuu wake, Rajabu akaanza kusema maneno marefu ya kuaga akashindwa kuyamaliza.

Loisi ndiye aliyesema hataki waende Kongwa moja kwa moja.

"Nipeleke kwa yule mke mwenzangu wa bondeni," alisema. "Nimuone."

Basi wakaenda Chilungule, mizigo yote ya maisha ya kambini ikiwa nyuma ya gari la kukodi. Anyesi aliwapokea, akawapa asali kwenye kisahani, kisha akawaacha waingie peke yao. Loisi alitembea mbele. Aligusa magome ya miti kama anayekagua kitambaa dukani, akachuma kole moja, akalitafuna, akatema kokwa. Walishuka mpaka kwenye korongo lile la kumeza basi, na Yotham hakulitambua mpaka alipoona mwamba uliokuwa juu yake. Lilikuwa limejaa majani, na ndani yake, katikati ya kiangazi, uzi wa maji ulikuwa unatembea.

Loisi akamshika mkono ghafla. "Usitikisike."

Ng'ambo ya korongo, kati ya mikungugu, alikuwa amesimama tandala dume. Pembe zake zilipanda juu zikijisokota, mistari myeupe ikimshuka ubavuni kama maziwa yaliyomwagika. Watu wa rika la Loisi walikuwa wamesikia tu kutoka kwa bibi zao kwamba wanyama hao waliwahi kuishi pande zile. Aliwatazama bila woga, masikio mapana yakigeuka, kisha akainamisha shingo akanywa.

Walisimama pale mpaka alipomaliza kunywa, akapanda mteremko na kupotea kati ya miti, bila kuharakisha.

"Yotham," Loisi alinong'ona hatimaye.

"Naam."

"Tukae kidogo."

Wakakaa chini kwenye majani, wamekumbatia magoti kama watoto, na hakuna aliyekumbuka kwamba dereva anangoja.